Mstari wa Pili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na uipokee na nyingine ya akiba, maana mwezi uliopita sikukuandikia na deni la salamu halifi. Natumaini barua hii itakukuta una afya na kwamba yale maumivu ya mgongo yamepungua. Kutwa unawageuza wagonjwa wa watu kitandani, halafu unashangaa mgongo kuuma. Ungekuwa mgonjwa wako mwenyewe ungejigombeza. Shemeji hajambo? Watoto nao? Sisi huku tu wazima, kwa kadiri ya uzima wa watu waliozika juzi. Mke wangu anakusalimu na kukushukuru kwa viatu. Vinambana, lakini amesema hatavivua ng'o, atavivaa hivyo hivyo mpaka vijue nani mkubwa.

Paa la chumba cha mbele limeacha kuvuja. Benchi la kazi la baba bado lipo chini ya dirisha, na juu yake kuna mizani tatu ambazo wenyewe hawajazifuata. Nikipita hapo naangalia pembeni.

Barua yako niliipata. Unasema uliposikia kwamba baba alirudi kundini kabla hajafa, ulipiga magoti katikati ya wodi, wauguzi wenzako wakadhani umeanguka. Unaniomba nikutumie ile karatasi yenye dole lake gumba uitie kwenye fremu, kwa kuwa hukupata ruhusa ya kuja kuzika na huna kitu kingine alichokigusa mwishoni. Dada, nimeanza kukujibu mara tatu na mara tatu nimechana. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha wangu miezi miwili sasa. Nivumilie nianze mbali kidogo, kwa sababu mengi uliyasikia nusunusu kwenye simu, na mimi ndiye niliyekuwa nikizikata hizo nusu.

Unamkumbuka Bibi Mafagio, yule mjane aliyepita mlango kwa mlango na mzigo wa mafagio kichwani, akikukuta unafagia anakwambia fagio lako limezeeka kuliko yeye? Miaka miwili iliyopita aliamua kubatizwa. Akaingia darasa la ubatizo la baba, akakaa benchi la mbele, na kwa miezi sita hakukosa hata siku moja. Habari za Yesu alizieleza kama mtu anayeeleza habari za jirani yake. Wakifika msalabani alilia, kila mara. Lakini swali la kumi na moja lilimshinda. Baba akimuuliza Mungu yuko katika nafsi ngapi, anajibu kwamba yeye anamjua Yesu, na anamjua Baba yake ambaye Yesu alikuwa akimwomba, na huyo Roho humfariji asubuhi akiwa anafunga mafagio yake. Ila hayo ya kusema watatu ni mmoja na mmoja ni watatu, mwalimu amsamehe, kichwa chake kimekataa, na hawezi kumwambia Mungu ndiyo kwa jambo ambalo ndani yake bado ni hapana.

Baba alimwandikia kwamba ameshindwa. Mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Unamjua baba. Fundi mizani wa miaka arobaini na miwili, ambaye hakuwahi kupiga mhuri wake kwenye mizani iliyopungua. Hukusahau siku alipomrudishia mjomba mizani yake mbele ya wateja na kumwambia kwamba undugu haujazi gramu zilizopungua. Mama alinuna wiki nzima. Kanuni ya kanisa ilisema asiyekiri Utatu habatizwi, naye aliisoma kanuni kama alivyousoma mshale wa mizani. Hakumchukia yule bibi. Alimpenda, alimnunulia mafagio tusiyoyahitaji, na akaendelea kumwandikia kwamba ameshindwa.

Kabla ya mtihani wa nne bibi alishikwa na homa, siku ya tano akafa. Kwa kuwa hakubatizwa, alizikwa nje ya ukuta wa makaburi ya kanisa, bila wimbo. Tulikuwa watu tisa. Baba alisimama ameshika kofia, na mwishoni akamwendea binti wa marehemu, yule fundi cherehani wa karibu na soko. Nilikuwa kando yake na nilisikia kila neno. Alimwambia kwamba mama yake alikuwa Mkristo kuliko yeye mwalimu wake, kwamba alimkosea, na kwamba neno hilo hatalirudisha nyuma mpaka afe. Yule binti alimshika mikono yote miwili.

Jumapili iliyofuata baba akaomba nafasi ya kusema kanisani. Dada, huko kwenu watu wamekuambia kwamba baba alisema Utatu ni uongo. Hakusema hivyo hata siku moja. Alisema kwamba amewafundisha watu swali la kumi na moja kwa miaka ishirini, na jibu analijua kwa moyo, lakini akijiuliza kwa haki, yeye mwenyewe hajawahi kulielewa, amelibeba tu. Huenda ni kweli, na alitumaini ni kweli. Lakini amemfungia mtu mlango kwa jiwe la mizani ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulipima, na kwa kazi yake hilo ni kosa ambalo mtu hunyang'anywa mhuri. Kisha akaketi. Hata wale wanaokohoa kila ibada walipona ghafla.

Baraza la wazee likakutana. Mimi ni katibu wa baraza, kwa hiyo nilikuwepo na kalamu yangu. Wakaamua kila mwalimu, kila mzee na kila atakayeomba ubatizo atie sahihi karatasi ya ungamo, na kwa kuwa mwenye duka la fotokopi ni mimi, nikapewa kazi ya kuichapa. Ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema: Naamini Mungu mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wa pili ulisema: Naamini pia kwamba asiyeamini hivi si Mkristo. Niliichapa, nikasahihisha herufi, nikaweka mstari wa sahihi chini, nikatoa nakala ishirini. Nilikuwa nawaza kwamba wino wa mashine unakaribia kwisha.

Sote tulitia sahihi. Mimi nilitia nikiwa nimesimama, bila kusoma. Utatu kwangu ulikuwa kama namba yangu ya simu, naitaja haraka na sijawahi kujiuliza kwa nini iko vile. Baba aliichukua karatasi akaenda nayo nyumbani, akaiweka kwenye benchi lake, akavaa miwani, akaisoma kwa muda ambao mtu angeweza kusoma kitabu. Akaniambia kwamba mstari wa kwanza angeutia sahihi akiomba Mungu amsaidie kutokuamini kwake. Wa pili hawezi. Nikamwambia, baba, ni maneno tu. Akaniuliza kama mimi, mwanawe, nimewahi kumwona akipiga mhuri halafu akasema ni mhuri tu.

Wakamtenga. Hakuruhusiwa kufundisha wala kufika kwenye Meza ya Bwana, na kwa kanuni ile ile, akifa katika hali hiyo, asingezikwa ndani ya ukuta. Unaijua ile nafasi kando ya kaburi la mama, aliyoizungushia matofali kwa mikono yake mwenyewe. Mbele za watu aliigeuza mzaha, akasema maiti halalamiki, mtupeni popote ilimradi pasiwe na kelele. Lakini kila Jumapili nikirudi ibadani nilimkuta amekaa mlangoni amevaa koti lake la kanisa, na kabla hajaniuliza nani kahubiri, aliuliza kama kuna mtu amezikwa kando ya mama. Nikimwambia hakuna, anavua koti na kwenda kulala kidogo. Ilikuwa hivyo Jumapili thelathini na moja.

Usimchukie mchungaji wetu. Ni mwanafunzi wa baba mwenyewe, alijifunza swali la kumi na moja hapa sebuleni kwetu, na siku aliposoma barua ya kumtenga sauti ilimkatika mara mbili. Alikuja kumwona baba tena na tena. Siku moja nilikuwa nawatengea chai nikamsikia akimweleza kwamba yeye huwazika watoto wa watu. Akisimama kando ya kaburi dogo, alisema, hawezi kumwambia mama wa mtoto kwamba Mungu alikaa mbali akamtuma mwingine aje aumie. Humwambia kwamba alikuja mwenyewe. Ukimwondoa Kristo katika Uungu, alisema, atakuwa hana neno la kusema pale, na bora avue kola akauze viazi. Baba macho yalimjaa maji. Akasema hilo ni neno zuri kuliko yote aliyowahi kusikia juu ya jambo hili, na huenda sasa anaanza kuliamini. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama Bibi Mafagio alihitaji kulijua hilo ndipo limfae, maana mvua huwanyeshea hata wasiojua inatoka wapi. Wakanywa chai yangu, ambayo nilikuwa nimesahau kuitia sukari, na hakuna aliyegundua.

Mimi nilisimama kati yao na birika, nikimwona mchungaji ana haki na baba ana haki. Ningekuwa na akili ya kuwapatanisha ningewapatanisha. Sina. Mungu alinipa akili ya kutoa fotokopi.

Kisha likaja lile la kiharusi ulilosikia. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa, akabaki na macho na mkono wa kushoto. Daktari alisema tusihesabu wiki. Baraza likakutana haraka, na mchungaji ndiye aliyempigania: akawaomba wazee wakubali dole gumba badala ya sahihi, mbele ya shahidi mmoja, ili mzee asiende nje ya ukuta. Wakakubali. Mchungaji akanikabidhi nakala moja ya karatasi niliyoichapa mimi mwenyewe, pamoja na wino wa mhuri wa kanisa, akaniambia shahidi ni mimi, nimsomee baba taratibu, na akionyesha kwa macho kwamba amekubali, nimsaidie. Alinishika bega. Akasema ananiamini.

Karatasi ilirudi ina dole. Mchungaji akaja na Meza ya Bwana, siku ya tatu baba akafa, na kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Alizikwa kando ya mama kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na wimbo ule mrefu aliokuwa akiupenda. Hayo nilikueleza kwenye simu, na wewe ukapiga magoti wodini.

Sasa sikia yaliyotokea wiki tatu zilizopita. Binti wa Bibi Mafagio alikuja mbele ya baraza kuomba ubatizo. Mchungaji alimuuliza vizuri, akajibu vizuri, hata swali la kumi na moja. Kisha akawekewa karatasi mezani. Alipofika mstari wa pili alisimama, akauliza kama akitia sahihi hapo atakuwa amesema kwamba mama yake hakuwa Mkristo. Mzee mmoja alijibu kwamba hayo amwachie Mungu, asome tu kilichoandikwa. Yule binti akasema hawezi, kwa sababu Fundi Mizani alimwambia makaburini kwamba mama yake alikuwa Mkristo kuliko yeye, na kwamba hatarudisha neno lake mpaka afe.

Mchungaji akafungua faili. Hakufanya kwa ukatili, nakuapia, alifanya kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka mahali pagumu. Akamsogezea karatasi ya baba. Akamwambia kwamba hata mwalimu wetu mpenzi, mtu asiyepiga mhuri wa uongo, mwishoni aliuona ukweli na kuurudisha moyo wake.

Yule binti aliitazama ile karatasi. Akagusa dole kwa ncha ya kidole chake kimoja, kile chenye alama za sindano. Kisha akanitazama mimi, maana nilikuwepo siku ile makaburini na alijua nilisikia. Nikainamisha kichwa nikaendelea kuandika. Akasema, kwa sauti ndogo, kumbe hata yeye. Akatia sahihi. Nami nikaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba ametia sahihi kwa hiari.

Dada, baba hakutia lile dole. Nililitia mimi.

Ilikuwa saa tisa mchana. Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya dawa. Nilimsomea mstari wa kwanza, akafumba macho na kuyafumbua, nikajua amesema ndiyo. Nilimsomea wa pili. Akanitazama tu. Nikamsomea tena. Akageuza macho akatazama dirisha, kule kwenye benchi lake. Dada, jibu nililipata, nalo lilikuwa waziwazi kama mtu aliyepiga kelele. Nikangoja. Baada ya muda akasinzia. Nikaketi pale na karatasi magotini nikiwaza ile nafasi ya matofali, na lile koti la Jumapili, na kumtoa baba yangu nje ya ukuta bila wimbo huku watu tisa wakiangalia. Nilijiambia kwamba Mungu haangalii karatasi. Nilijiambia pia kwamba wewe uko mbali, na itakuwaje nikikupigia simu kukuambia tumemzika nje. Unaona, hata wewe nilikuingiza.

Nikachukua mkono wake wa kushoto, nikafungua dole gumba, nikaligusisha kwenye wino, nikalishindilia. Wakati naliinua alikuwa amefumbua macho.

Aliliangalia dole lake. Lilikuwa la bluu. Aliniangalia mimi, kisha karatasi, kisha mimi tena. Ulimi ulijaribu kitu ukashindwa. Unakumbuka alivyotufundisha tukiwa wadogo kumkagua mchuuzi, tutazame vidole vyake kabla ya kutazama mshale, maana mwizi wa mizani hana haja ya kuiharibu, hugusa sahani tu? Ndicho nilichokiona machoni mwake, au nadhani ndicho. Alianza kulisugua lile dole kwenye shuka. Alilisugua jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa, kila alipoamka. Mchungaji alipokuja kumpa Meza ya Bwana alidhani ni ugonjwa unaochezesha mkono. Nilipomletea maji aliyanywa mkononi mwangu, hakukataa. Nimejiuliza kama ule ulikuwa msamaha au ni kiu tu. Wewe unawaona wanaokufa kila wiki, labda unajua. Mimi sijui.

Shuka nimeifua mara sita. Alama ipo.

Nikisema, baraza litafanya nini na kaburi? Mzee mmoja aliwahi kusema kwenye kikao, kuhusu mtu mwingine, kwamba aliyeingia kwa udanganyifu hutolewa alikoingilia. Huenda yalikuwa maneno ya hasira, ila niliyaandika mimi na nayakumbuka. Na mchungaji, aliyeniamini, aliyempigania baba peke yake, nitamtazamaje? Nisiposema, kuna mwanamke anashona nguo karibu na soko akiamini kwamba mtu pekee aliyemtetea mama yake alimgeuka. Yeye sasa ni Mkristo kwa karatasi iliyosema mama yake hakuwa. Nimepita mbele ya duka lake mara nne. Mara ya nne aliniita akaniuliza kama suruali yangu inahitaji kupunguzwa, nimekonda. Nikasema ndiyo. Nikamwachia suruali nikaondoka.

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu, dada, unanijua. Nimejaribu kuandika barua kwa baraza, vidole vinaishia kwenye tarehe. Nimejaribu kuichoma hiyo karatasi, nikashindwa, maana kweli ndicho kitu cha mwisho alichokigusa. Kwa hiyo nimefanya kama ulivyoomba. Nimeitoa kwenye faili, imo ndani ya bahasha hii. Jumapili ijayo kuna watu wengine wawili wa kuhojiwa, mchungaji ataitafuta, na sijui nitasema nini.

Usiitundike. Itazame tu. Baraza zima waliishika mkononi na hakuna aliyeona: dole limekaa kichwa chini, ncha yake imeelekea chini ya ukurasa. Mtu anayetia dole kwenye karatasi iliyo mbele yake hulitia ncha ikiwa juu. Karatasi ilikuwa imenielekea mimi. Baba haikumwelekea hata kidogo.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kila mmoja kwa zamu yake wasije wakagombana. Uponye huo mgongo. Ukiweza kunijibu, nijibu, hata kama ni kwa matusi. Matusi yako nimeyazoea tangu tukichota maji. Ukishindwa kunijibu nitaelewa pia.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyempa jina la Kiherehere, na hukukosea.